Rangi ya Chai Kwenye Ukuta wa Dada Yangu

Picha ilitumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp Jumapili moja baada ya ibada, na ilinichukua muda kugundua kwamba sikuwa namtazama mama yangu. Nilikuwa natazama ukuta ulio nyuma yake.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi la dada yangu huko Thika, mguu uliofanyiwa upasuaji wa goti ukiwa juu ya stuli, kikombe mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama mtu anayengojea wageni wa heshima. Nyuma yake ukuta ulikuwa wa hudhurungi, lakini si ile hudhurungi nzito ya milango ya shule. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyochemshwa na mtu asiyebania majani. Jua la saa nne lilikuwa limelala juu ya ukuta huo kama paka. Na juu ya makochi vilikuwa vimetandazwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kazi ya mikono ya mama mwenyewe.

Jamaa walianza kuandika. "Mami amenawiri!" "Haiya, hapo ni wapi, hotelini?" Dada yangu akajibu, "Ni kwa mtoto wake," akaongeza vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Mimi niliandika, "Mungu ni mwema." Sijawahi kuandika maneno matatu yaliyojaa wivu kama hayo, na mimi naishi kwa kuandika.

Nieleze. Mimi ndiye mtoto wa kwanza na mwanamume pekee kwa mama yangu. Ninaishi Kimbo, Ruiru, kwenye nyumba niliyoijenga polepole kwa miaka mingi, chumba kikimalizika kingine kikianza kuvuja. Nafundisha chuoni na kuandika makala ambazo watu huzisifu kabla ya kuzimaliza. Dada yangu, ambaye nimemtangulia kwa miaka minne, anashona mapazia mjini Thika. Aliacha shule kidato cha pili, mwaka ule ule nilioingia chuo kikuu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na uwezo wa kusomesha wawili. Hajawahi kunikumbusha. Ananiita Profesa tu, cheo ambacho chuo hakijanipa, na anakitamka kwa sauti ya mtu anayepima pazia na kuona ni fupi. Mume wake ni fundi wa rangi.

Mama alipofanyiwa upasuaji, daktari alisema asirudi haraka nyumbani kwake Gatanga, kwa sababu ya mteremko. Hospitali ya kumnyoosha mguu ilikuwa Thika, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba akae kwa dada yangu mpaka mazoezi yaishe, kisha aje kwangu. Nilikubali kwa ukarimu mkubwa. Nilijua mila iko upande wangu. Kwetu mama mzee hukaa kwa mwanawe wa kiume. Kukaa kwa mkwe ni jambo la siku moja mbili, tena kwa kujibana: mama mkwe hali chakula huku mkwe akimtazama, haketi kwenye kiti chake, na mkwe naye hapaazi sauti akiwa karibu. Siku hizi watu wamelegeza, lakini mama yangu si wa siku hizi. Isitoshe, binti yangu wa kwanza ndiye aliyebeba jina lake, kama desturi inavyotaka. Nilihesabu turufu zangu nikaona nimeshinda kabla karata hazijagawanywa.

Mazoezi yakaisha. Nikampigia simu.

"Mami, sasa nije nikuchukue lini?"

"Nitakuja, baba. Usiwe na haraka."

"Chumba kiko tayari. Hata tumeweka kitanda kipya."

"Najua. Lakini hapa nimezoea. Ukuta wa hapa unanipumzisha macho."

Ukuta. Nilikata simu nikamwambia mke wangu kwamba nimeshindwa na ukuta. Alikuwa akikata sukuma wiki, hakuinua kichwa.

"Na wa kwetu una nini?"

Wa kwetu ulikuwa mweupe. Nyumba yote ilikuwa nyeupe, kwa amri yangu, kwa sababu wakati tunaingia nilikuwa nimetoka kutembelea nyumba ya mwenzangu wa chuoni, nyeupe tupu, yenye picha moja ukutani na kiti kisichokalika, nikaamua hayo ndiyo maisha ya mtu anayefikiri. Wakati huo ndipo pia nilipoondoa vitambaa vya kufuma kwenye makochi. Mama alikuwa ametufumia seti nzima kwa ajili ya arusi yetu. Tulivikunja tukavitia kwenye sanduku, juu ya kabati. Nilisema ni kuvitunza.

Mama alikuja kutuona mara moja tu baada ya kutoka hospitalini. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akatazama kuta, akatazama dari, akasema, "Baba, umenirudisha wadi."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wengine, na sikulala vizuri kwa wiki.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nikiri, kwa sababu dada yangu atasoma hapa na atalisema nisipolisema. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya kuwakejeli watu wanaopaka sebule zao rangi ya chai. Niliwaita watu wanaoogopa kuishi. Dada yangu aliikata makala hiyo gazetini, akaiwekea fremu na kuitundika ndani ya choo chake cha wageni, mahali ambapo mtu akiketi hana budi kuisoma. Nimeisoma pale mara nyingi. Ina makosa mawili ya uakifishaji.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Thika kumjulia mama hali. Hilo ndilo nililomwambia mke wangu. Mfukoni nilikuwa na bahasha.

Sebule ya dada yangu haina kitu cha kifahari. Nilivikagua vitu vyote kama mpelelezi nikaona ni vya kawaida: meza ya mninga yenye mkwaruzo, kapeti iliyochanika pembe moja, mapazia ya rangi ya maziwa mazito ambayo alishona mwenyewe kutokana na vipande vilivyobaki vya mteja. Lakini ule ukuta ulivikusanya vyote ukavifanya vionekane vimekusudiwa. Mkwaruzo wa meza ulionekana kama urithi. Mama mwenyewe, kando ya ukuta huo, ngozi yake iling'aa. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, akiimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Kwangu sijawahi kumsikia akiimba. Kwangu huwa tunamkalisha, tunamwashia televisheni, tunamwambia asishughulike.

"Profesa," dada yangu akasema akitoka jikoni, "umekuja kutuchunguza?"

"Nimekuja kumwona Mami."

"Mwone basi. Yuko hapo, si kwenye dari."

Alirudi jikoni kuepua chapati. Mama alikuwa amesinzia, ungo magotini, kidevu kifuani. Nikainuka polepole, nikaenda dirishani, nikafunua pazia, na kwa ufunguo wa nyumba yangu nikakwangua ukuta mahali ambapo pazia lingefunika. Kipande kilitoka, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikakitia kwenye bahasha. Mtu mwenye shahada mbili. Nilirudi kitini nikakunja mikono kama mzee wa kanisa.

Kimbo tuna duka la vifaa vya ujenzi lenye mashine ya kuchanganya rangi. Kijana wa dukani alikiweka kile kipande juu ya kadi zenye vijirangi vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na jina la Kiingereza la kitajiri, majina ya majangwa na ya biskuti. Akapata inayofanana kabisa. Mashine ikatikisa debe kama mwanamke anayesuka mtindi kwenye kibuyu, na mimi nikasimama pale moyo ukinidunda kwa furaha chafu.

Fundi niliyempata alikuwa mzee wa makamo kutoka Mugutha, mpole, kofia imejaa madoa ya nyumba za watu. Sikumwita shemeji yangu. Shemeji yangu angeitambua rangi kwa harufu tu.

"Mwenye nyumba," fundi akasema, "kwanza tupake kakipande hapa, kengine pale, tungoje. Uangalie asubuhi, uangalie jioni. Rangi ni kama mchumba, usimwone mara moja tu."

"Mimi najua ninachotaka," nikamwambia. "Nimeiona tayari."

"Umeionea hapa?"

"Nimeiona."

Akanitazama, akatazama dirisha, akafungua debe.

Lazima niseme kuhusu dirisha hilo. Tulipojenga, kando yetu palikuwa na shamba la mahindi, na jua la asubuhi lilikuja hadi ndani ya sahani. Kisha mwenye shamba akauza, aliyenunua akainua gorofa tano, na sasa sebuleni kwetu mchana tunaona nguo za ndani za wapangaji na mwanga wa kijivu unaoshuka katikati ya majengo kama maji yaliyokwisha kuoshewa vyombo. Taa zetu ni zile nyeupe za kupunguza bili. Ukuta mweupe ulikuwa umeficha hayo yote. Sikujua.

Fundi alipaka siku mbili. Jioni ya pili alikusanya brashi zake akaniaga bila kusifu kazi yake mwenyewe, na fundi asiyesifu kazi yake ni dalili mbaya. Nikawasha taa. Nikamwita mke wangu.

Alisimama katikati ya sebule, akageuka taratibu kama mtu aliyeangushwa shimoni anayetafuta pa kutokea.

"Ni ile ile ya Thika?" akauliza.

"Ile ile. Mashine imethibitisha."

"Basi sisi tumeingia ndani ya gunia."

Nilibisha. Nilisema rangi itatulia ikikauka. Ilipokauka ikawa gunia kavu. Rangi ambayo Thika ilikuwa chai, kwangu ilikuwa uji wa wimbi uliolala, na usiku chini ya zile taa nyeupe ikawa na ukijani fulani ambao sitaueleza mbele ya watu wanaokula. Nilinunua mapazia mapya ya rangi ya maziwa mazito. Nikashusha sanduku juu ya kabati, nikavitoa vitambaa vya mama, nikavitandaza juu ya makochi. Vilikuwa na mikunjo migumu ya miaka kumi na minane. Mke wangu alivipiga pasi bila kusema neno, na kunyamaza kwake kulikuwa na mikunjo pia.

Kisha nikampigia mama simu nikamwambia aje ale chakula cha mchana, kuna kitu nataka aone. Nilikuwa bado na matumaini. Nilidhani huenda macho yake ni mabovu kiasi.

Walikuja Jumapili, wote, kwa pikapu ya shemeji yangu yenye ngazi juu. Shemeji alibaki nje akijifanya anakagua gurudumu, mpaka mama mkwe wake awe ameingia na kuketi. Ndivyo wanavyoishi wale, hata Thika: mmoja akiingia mwingine anatafuta shughuli. Binti yangu akamshika bibi yake mkono, akamketisha, akamwekea mguu juu ya mto. Mama akaweka fimbo kando, akatazama.

Alitazama ukuta kwa muda mrefu. Akatazama mapazia. Akashika kitambaa cha kochi, akakigeuza, akaangalia fundo la nyuma, akajua ni lake.

"Baba," akasema. "Umepaka."

"Ndiyo, Mami."

"Ni kama ya huko."

"Ni ile ile hasa."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka nusu. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Ile siku nilisikia kitu kinakwaruza hapo dirishani, kwaru kwaru, nikasema moyoni, hii nyumba ya mtoto wangu imeingia panya."

"Ngai!" dada yangu akapiga kelele. "Na mimi nikanunua sumu! Profesa, nimetega panya mwezi mzima, kumbe panya ana shahada!"

Mke wangu alikwenda jikoni haraka. Nilimsikia akicheka kwenye sufuria.

Nilivumilia. Walipotulia nikasema, kwa sauti niliyoitaka iwe nyepesi, "Ulisema ukuta ule unakupumzisha macho. Nikadhani ni rangi tu iliyokuzuia kuja."

Hapo mama akaacha kucheka.

"Ule ukuta ni wangu," akasema. "Nilipofika pale ulikuwa kijani. Mume wa dada yako aliona sikai vizuri, nageuza kiti kila saa. Lakini ataniulizaje? Mimi na yeye hatuketi pamoja tukazungumza. Basi siku moja kabla ya kwenda kazini akapaka viboksi vitatu ukutani, mbele ya kiti changu, sawasawa na macho yangu nikiwa nimeketi. Akaenda kazi ya Juja siku tatu. Hakusema kitu."

"Na wewe?"

"Mimi nikaangalia. Sina kazi nyingine, si nimekatwa goti? Cha kwanza jioni kilikuwa kama maini. Cha pili asubuhi kilikuwa kizuri, mchana kikakauka uso. Cha tatu saa zote kilikuwa kinanitazama vizuri. Siku ya tatu nikachukua shali yangu, nikaitundika kwa msumari uliokuwa karibu na hicho. Aliporudi akaona shali. Akafungua debe."

Wakati huo shemeji yangu alikuwa ameingia, akasimama karibu na mlango, kofia mkononi, akitazama sakafu kama mvulana aliyetajwa kwa wema darasani.

Nimewaonea watu wengi wivu maishani. Wenzangu waliopanda vyeo, majirani wenye maji ya kisima, mtu mmoja wa chuoni mwenye nywele. Lakini wivu ule ulikuwa mpya. Mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama mama yangu machoni alikuwa amepima macho yake yako urefu gani kutoka sakafuni. Mimi ninayeruhusiwa kila kitu, lini nilimuuliza mama jambo lolote? Nilikuwa namtaarifu. Namtaarifu nimehamia, nimeoa, nimenunua kitanda kipya.

Shemeji aliinua uso akatazama kuta zangu, haraka, kwa adabu.

"Rangi ni safi, shemeji," akasema. "Shida si yako. Ni hizo gorofa tu."

Angenicheka ningepona. Akanisamehe.

Tulikula. Tulipofika kwenye chai mama akaweka kikombe chini akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mwezi ujao narudi kwangu. Mguu umepona. Mteremko nitauenda polepole."

Dada yangu akageuka. Nilimwona usoni kwamba hakuwa anajua.

"Mami, si tulisema utakaa hadi Krismasi?"

"Wewe ndiye uliyesema."

"Lakini pale kwako uko peke yako."

"Niko na ng'ombe. Na kuku. Na kanisa liko hapo mbele. Nyumba yenu ni nzuri, na hii pia..." akatazama ukuta wangu, akatafuta neno, akaliacha. "Lakini mimi nina nyumba yangu."

Nitasema ukweli, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ninayodai kuifanya. Nilisikitika, nikahofia mteremko na goti lake, na chini ya hayo yote, mahali padogo na pachafu, nilifurahi. Hakuja kwangu, sawa. Lakini kwa dada yangu pia hakubaki. Nilimtazama dada yangu machozi yakimlengalenga, mwanamke aliyeacha shule ili mimi nisome, na nikafurahi. Furaha ile haikudumu, kwa sababu mama alikuwa hajamaliza.

"Nataka nipakiwe rangi kabla sijarudi. Kuta zangu zimechakaa." Hakumtazama mkwe wake. Alinitazama mimi na kusema nami, ingawa maneno yalikuwa ya mkwe. "Mwambie afike na viboksi vyake. Huko jua ni lingine."

"Na mimi nitafanya nini?" nikauliza.

"Wewe utashika ngazi."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Gatanga Jumamosi, nimevaa shati la zamani la mahafali, nimeshika ngazi kwa mikono miwili. Viboksi vitatu vilikuwa vimepakwa wiki moja kabla. Mama alikwenda na dada yangu akalala siku tatu, akatazama, akatundika shali. Safari hii alichagua nyingine, nyepesi kidogo, kama chai ya mtu aliyepata mgeni wa ghafla akaongeza maziwa. Mimi ningechagua ile ya Thika. Hakuna aliyeniuliza, na nafikiri nilistahili.

Mama alikuwa ameketi uani, nje ya mlango wa sebule ulioachwa wazi, kwenye kiti cha plastiki, amegeuza uso upande, kwa sababu mkwe alikuwa juu ya ngazi na si vizuri kumtazama mkwe kutoka chini.

"Profesa," akaniita. Naye ameanza. "Shika vizuri. Huyo ndiye mkwe wa kiume pekee niliye naye."

"Na mimi ndiye mwana wa kiume pekee uliye naye, Mami."

"Wewe nilikuzaa tu," akasema. "Yeye nilipewa. Cha kupewa hutunzwa."

Dada yangu, aliyekuwa akipima madirisha kwa ajili ya mapazia, alicheka hadi futi ya kupimia ikamponyoka. Juu yangu roli ya kupakia rangi ilikuwa inapanda na kushuka bila haraka, ukuta ukifunikwa kipande kwa kipande, laini, bila mchirizi hata mmoja. Jua la Gatanga likaingia ndani ya rangi ile mbichi. Ilikuwa nzuri sana. Nilijua nilichopaswa kusema. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi njia nzima kutoka Kimbo: shemeji, ukipata nafasi, njoo kwangu, upake viboksi, tungoje siku tatu, mke wangu achague.

"Shemeji," nikasema.

Roli ikasimama. "Naam?"

Nikatazama juu, kazi yake yote ikiwa imetandazwa mbele yangu.

"Hapo kulia, karibu na dari. Umeruka."

Akageuka kulia, akatazama, akatazama tena, na kwa subira yake ile ile akapaka tena mahali ambapo palikuwa pamepakwa. Hakuwa ameruka popote.